Mtoto wa Ubatizo Aja Mnadani

Ninyi mliokosa usingizi wiki nzima mkijiuliza nani atashuka kwenye lile gari jeusi, haya, pumueni. Mlango ulifunguka, kikatangulia kiatu kinachong'aa, kikafuata cha pili, halafu akasimama Valdir.

Ndiyo, Valdir. Mtoto wa ubatizo wa Bi Zulmira. Yule ambaye Bi Zulmira mwenyewe alimshika juu ya maji ya kanisani, akalia mpaka padri akasahau jina la mtoto. Leo mtoto huyohuyo alikuja kuinunua nyumba ya mama yake wa ubatizo mnadani, na bahasha ya hundi alikuwa ameibana kwapani.

"Kikulacho ki nguoni mwako," mtu alinong'ona nyuma yangu.

Sikugeuka. Mbele yangu palikuwa na sufuria ya mafuta ya moto na pastel, sambusa za kwao za jodari, zinaelea ndani yake. Hiyo ndiyo kazi niliyopewa na chama siku ile, kukaanga. Mimi ni mpangaji wa ghorofa ya tatu kwa Bi Zulmira, na nyumba ikiuzwa mimi nami nafungasha virago.

Kwa aliyetukuta njiani, nitasema kwa kifupi. Mkopo wa nyumba ile ulianza mpole kama mkwe mgeni. Mwaka wa tatu ukaota meno, marejesho yakapanda maradufu, Bi Zulmira akafua mashuka ya hospitali zamu mbili kwa siku na bado maji yakazidi unga. Benki ikaamua kuuza. Na sheria ya hapa Boston inataka nyumba inadiwe palepale ilipo, mchana kweupe, dalali asimame asome tangazo kwa sauti. Basi sisi wa chama cha Hatuhami tukasema vizuri sana, uani ni kwetu, wageni tutawapokea.

Mpango aliutoa Mama Quilty, kiongozi wetu, Mwairishi mwenye sauti ya king'ora, aliyeendesha basi la shule mpaka akastaafu.

"Mlanguzi akiinunua leo," alikuwa ametuambia, "mwezi ujao Zulmira yuko barabarani na masufuria yake. Ikikosa mnunuzi, inabaki kwa benki. Na benki tunaiweza. Tutaikalia mlangoni mpaka ituuzie sisi kwa bei ya sasa, halafu tunamrudishia mwenyewe kwa mkopo anaoumudu. Kwa hiyo kazi yetu leo ni moja, mnunuzi asinunue."

Asubuhi hiyo wanunuzi watatu walikuwa wameshakimbia. Walikimbizwa na nini? Na batuko, ngoma ya wanawake wa visiwa vya Cabo Verde, kwao Bi Zulmira. Wanakaa duara kwenye viti, kila mmoja na bunda la nguo lililofungwa plastiki, amelibana mapajani, wanalipiga kwa viganja huku mmoja akiongoza kwa maneno ya papo hapo. Mnunuzi wa kwanza aliimbiwa upara wake. Wa pili aliimbiwa mke wake, na sijui walijuaje. Wa tatu hakungoja zamu yake.

Sasa sikilizeni jambo hili. Aliyekuwa akiongoza ngoma ni Bi Felismina. Na Bi Felismina ndiye mama mzazi wa Valdir.

Sote tukamtazama. Tulidhani ataacha kupiga. Mwanamke yule alimwona mwanawe akivuka barabara, akakohoa kidogo, akakaa vizuri kitini, akapiga kwa nguvu kuliko mwanzo.

"Nilimbeba miezi tisa," aliimba.

"Eee," wakaitikia wenzake.

"Leo yeye kabeba hundi."

"Eee."

"Ningejua ningebeba kuni."

Uani pakaangua kicheko. Hata polisi aliyeletwa kulinda amani aligeukia uzio, mabega yakimtikisika. Valdir alikuwa mwekundu masikio, lakini aliendelea kuja.

Mama Quilty alimzibia njia kwa sahani. "Kijana, karibu pastel. Kula, shiba, halafu urudi ulikotoka."

"Mama Quilty, nipishe tafadhali."

"Nyumba ya akina Tavares uliinunua mwaka jana. Wako wapi leo akina Tavares?"

"Nipishe, mama. Sivyo unavyodhani."

"Wote huniambia hivyohivyo."

Dalali alikuwa barazani, juu ya ngazi, mzee mmoja wa Kiitaliano aitwaye Iacobucci, mwenye kofia ya sufu na makaratasi yanayopigwa na upepo. Pembeni yake alisimama wakili wa benki, kijana wa koti jepesi ambaye baridi ya Aprili ilikuwa imemkomesha. Kila anayetaka kununua lazima apande ngazi ile, amwonyeshe dalali hundi, ndipo aruhusiwe kutaja bei. Hundi isipoonekana, bei haisikiki.

Na kwenye ngazi, katikati kabisa, na sweta lake la zambarau, alikuwa amekaa Bi Zulmira.

Nyumba ile yeye na marehemu mumewe waliinunua kwa jasho, watoto watano wamekulia humo, na baraza lile mumewe alilijenga upya kwa mikono yake mwenyewe. Alikuwa amekaa na mikono mapajani. Aliogopa, na mimi pia niliogopa.

Valdir alifika chini ya ngazi. Akasimama.

Hapa, msomaji, ndipo mnada wa benki ulipokutana na mila za watu. Kwa watu wa Cabo Verde humpiti mama yako wa ubatizo kama unavyopita nguzo ya taa. Uwe waziri, uwe mwizi, ukimkuta, unasimama, unanyoosha mkono wa kulia, unaomba baraka. Usipofanya hivyo mbele ya watu, habari itafika kisiwani Fogo kabla hujafika nyumbani kwako.

Valdir alitazama juu kwa dalali, akatazama nyuma kwa mama yake mzazi. Mama yake alikuwa amesimamisha viganja hewani, anangoja kuona amemzaa nani.

Kijana akavua glavu. Akainama, akanyoosha mkono.

"Madrinha," alisema kwa sauti ya chini, "naomba baraka."

Ngoma zikanyamaza zote kwa pamoja, maana baraka haipigiwi makelele.

Bi Zulmira aliupokea mkono ule kwa mikono yake miwili. "Mungu akubariki, mwanangu," alisema.

Siku zote hapo imekwisha. Unasema amina, unaachiwa mkono, unakwenda zako. Bi Zulmira hakuachia.

"Akubariki kichwa hicho," aliendelea polepole, "kilichokuwa kikubwa siku ulipozaliwa, mama yako anajua."

"Najua sana," alijibu Bi Felismina kutoka kwenye duara.

"Akubariki macho yako, yaone mbali kuliko pua. Akubariki na pua yenyewe. Akubariki masikio, ingawa hukuwahi kuyatumia."

Kule juu Bwana Iacobucci aligundua ghafla kwamba kwa mara ya kwanza tangu asubuhi kuna kimya, na sauti yake inasikika. Akachangamka. Akasoma tangazo lote kwa haraka, anwani, ukubwa, masharti, akageuza karatasi.

"Benki imefungua bei," alisema. "Nani anaongeza?"

Valdir aliinua uso. "Mad..."

"Nyamaza," Bi Zulmira akamwambia kwa upole. "Baraka haijafika mabegani. Akubariki mabega, yabebe mizigo ya wengine na si nyumba za wengine. Akubariki mkono huu niliokufundisha nao kufanya ishara ya msalaba."

Hapo Mama Quilty akaelewa. Niliona mdomo wake ukifunguka, kisha akaugeuza uso kwa watu wa chama, akaweka kidole midomoni. Uani mzima tukawa watu wa ibada. Mzee mmoja alivua kofia. Mimi nilishusha moto wa jiko.

"Bwana hapo chini," dalali aliita, "unayo hundi? Niionyeshe basi."

Valdir alikuwa na bahasha kwapani upande wa kushoto. Akaichomoa taratibu, akaanza kuipandisha juu.

"Valdir," alisema mama yake.

Akasimama.

"Kwa mkono wa kushoto? Nawe unabarikiwa?"

Bahasha ikashuka.

Wakili wa benki hakuvumilia. "Huu ni uzuiaji wa mnada," alisema. "Afisa, unaona? Mama huyu anamzuia mnunuzi."

Polisi aliangalia mkono ulioshikwa. "Mimi naona watu wanasali," alisema.

"Na dini inalindwa na katiba," Mama Quilty akaongeza, akijitafunia pastel.

"Akubariki ini, maana unakunywa. Akubariki tumbo. Akubariki magoti, Valdir, ambayo kanisani hayajaonekana tangu Krismasi ya mwaka juzi."

"Mara ya kwanza," alisema dalali. Alikuwa Mkatoliki naye, maskini, na hakujua afanye nini na kofia yake. Akaivua. "Mara ya kwanza, amina."

"Akubariki viatu hivi, nasikia ni vya bei."

"Mara ya pili."

Valdir aliangalia juu, akaangalia chini, jasho linamtoka kwenye baridi ile. Angeweza kuuvuta mkono. Kijana mwenye nguvu kama yeye, bibi wa miaka sitini na nane, angeuvuta tu. Hakuuvuta. Hilo likumbukeni, maana mimi wakati ule sikulitilia maanani.

"Mara ya tatu na ya mwisho. Imebaki kwa benki."

Karatasi ikakunjwa.

"Na akubariki nyayo, zisipotee njia," akamaliza Bi Zulmira. "Amina."

"Amina," tuliitikia, na hapo ndipo uani palipolipuka. Batuko ilirudi kwa nguvu maradufu. Mama Quilty alimkumbatia polisi bila kumwuliza. Mtu alinipiga mgongoni nusura niingie kwenye sufuria, na pastel zote ziliungua, nazo tukazila hivyohivyo zikiwa nyeusi. Bi Zulmira alikuwa analia na kucheka kwa wakati mmoja, anajifuta kwa mkono wa sweta, na wanawake wanambusu huku na huku. Nakwambia, nilikuwa sijafurahi hivyo tangu nihamie mtaa ule.

Mtu mmoja tu hakucheza. Valdir alikuwa bado amesimama chini ya ngazi, na machozi yanamtoka.

"Usilie, mwanangu," Bi Zulmira alimwambia. Alikuwa na huruma ya mshindi. "Nyumba ziko nyingi Boston."

"Madrinha, nilikuja kukununulia wewe."

Bi Zulmira aliacha kucheka. "Rudia."

"Nilikuwa nainunua nikukabidhi. Usihame, usilipe mtu yeyote. Hundi yenyewe hii hapa." Alifungua bahasha, nasi tuliokuwa karibu tukaiona, hundi halali ya benki, ya nyumba nzima. "Akina Tavares niliwatoa, kweli. Mtoto wao mdogo aliniuliza kama na paka wao naye anatolewa. Tangu siku hiyo silali."

"Sasa mbona hukusema?"

"Ningesemaje?" Valdir alikuwa karibu kufoka. "Nimeomba baraka. Mtu akiomba baraka anafunga mdomo mpaka asikie amina. Nani alinifundisha? Si wewe na mama? Mlinichapa kwa hilo nikiwa na miaka sita."

Tulitazamana kama watu walioiba kuku wakagundua ni wa kwao wenyewe. Mila yetu tuliitumia kumfunga mlanguzi, kumbe tumemfunga mkombozi. Bi Zulmira alikaa kwenye ngazi kama gunia.

"Msimwamini haraka," alisema Mama Quilty, lakini hata yeye sauti ilikuwa imepungua. "Na hata akisema kweli, mpango wetu uko palepale. Nyumba iko kwa benki. Tutakaa na benki mezani."

"Hakutakuwa na meza," ilisema sauti kutoka barazani.

Wakili wa benki alikuwa ameshuka ngazi mbili, simu bado mkononi. Muda wote tuliokuwa tunacheza, yeye alikuwa anazungumza na wakubwa zake.

"Benki haina mazungumzo na vyama," alisema. "Jumatatu tunakwenda mahakamani kuomba mama huyu atolewe. Lakini iko njia nyingine. Benki iko tayari kumwachia nafasi yake mnunuzi yeyote mwenye hundi, hapahapa, kabla Bwana Iacobucci hajafunga mkoba wake. Bwana huyu aweke saini, na nyumba ni yake."

"Na watu waliomo ndani?" Mama Quilty aliuliza.

"Awachukue wote, na ngoma zao."

Basi mambo yakageuka tena. Dakika chache nyuma Valdir alikuwa adui, sasa hatima yote iko kwenye kalamu yake. Dalali alifungua kalamu, akaipuliza ncha, akamnyooshea.

Valdir hakuipokea. "Siweki saini mpaka Madrinha aseme," alisema. "Akisema ndiyo, naweka. Akisema hapana, naondoka, na nyote mtaendelea kuniimba."

Kila jicho likaenda kwa Bi Zulmira.

Mama Quilty alimsogelea, akachuchumaa mbele yake na magoti yake mabovu. "Dada, sikiliza. Ukikataa, tutapigana na benki na mimi nitakuwa mbele. Tumeshinda kabla, na mara nyingine tumeshindwa. Ukikubali, unaweka shingo yako mikononi mwa kijana huyu. Siwezi kukuchagulia."

"Jirani," Bi Zulmira aliniita mimi, "wewe unasemaje?"

"Mimi, Bi Zulmira, ni mtu wa sufuria," nilisema. "Lakini angeweza kuuvuta mkono, na hakuuvuta."

Alinitazama. Akamtazama Valdir kwa muda mrefu, tangu nywele mpaka viatu, safari ileile iliyopitwa na baraka. Niliona mabega yake yanalegea, na nikajua ameamua. Nilianza kuhesabu kichwani mapazia nitakayonunua, maana ninakaa.

"Komadre," alimwita Bi Felismina, kama wanavyoitana wanawake waliounganishwa na ubatizo wa mtoto, "wewe ndiye uliyemzaa. Nikubali?"

Bi Felismina aliliweka bunda lake la nguo chini. Alikuwa na furaha usoni, msomaji, furaha ya mama ambaye kutwa nzima ameaibika na sasa mwanawe ametakasika mbele ya mtaa. Alisimama, akajinyoosha sketi, akaja mpaka kwa Valdir, akamshika shavu.

"Mtoto wangu," alisema. "Na mimi nimekuimba vibaya vile." Kisha mkono ukasimama shavuni. Mama ni mama, hata katikati ya furaha akili inapiga hesabu. "Lakini Valdir, hela ya nyumba nzima umeitoa wapi? Faida ya nyumba ya akina Tavares si iliishia kwenye gari?"

Valdir aliangalia kalamu ya dalali.

"Valdir."

"Mama, tangu baba afariki, nyumba yako si ina majina yetu sisi wawili?"

"Ina majina yetu. Nilikupeleka mwenyewe kwa mwanasheria. Nikakupa na ruhusa ya kunisainia, kwa sababu ya macho yangu haya."

"Nimeiweka rehani."

Bi Felismina aliutoa mkono shavuni, akaufuta kwenye sketi.

"Kwa nani?" aliuliza.

Macho ya Valdir yakaenda ngazini. Wakili wa benki, ambaye tangu asubuhi hatukuwahi kuona meno yake, alishuka ngazi iliyobaki, akachukua pastel moja nyeusi iliyobaki kwenye sinia langu bila kuuliza, akaitafuna vizuri, akamgeukia Bi Felismina.

"Karibu sana kwetu, mama," alisema. "Saini yako ilitufikia jana."

Kalamu ilikuwa bado imenyooshwa. Kauli ilikuwa bado ya Bi Zulmira, naye alikuwa ameshafungua mdomo kusema ndiyo. Ila sasa nyumba zilikuwa mbili, na ndiyo yake ingeiokoa ya kwanza kwa kuiacha ya pili, ya komadre wake, rehani kwa benki ileile.